Msamaha wa Rais na Ng'ombe wa Jirani

Kuna kijana katika usharika wetu hapa Bukoba ambaye Jumapili, tukifika kwenye ungamo, hufunga mdomo. Husimama kama wenzake, kitabu cha ibada mkononi, macho kwenye ukurasa, ila midomo haisogei. Mchungaji akishatangaza ondoleo, yeye huitikia "Amina" kwa sauti kuliko safu nzima. Baadhi ya wazee wenzangu wa kanisa walitaka aitwe aonywe. Nikasema tumsikilize kwanza. Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na nimeona watu wengi waliokaa kimya kizimbani kwa sababu nzuri kabisa.

Akaja nyumbani, akaketi, chai akaiacha ipoe. Hoja zake alikuwa amezipanga. Huko Dar es Salaam alikosoma alisali na kundi linalofundisha neema, na huko ndiko alikofumbuka macho, kwa maneno yake. "Babu," akaniambia, "Kristo alipokufa mimi nilikuwa sijazaliwa. Dhambi zangu zote zilikuwa bado za mbele, na zote zikalipiwa." Akanifungulia Waebrania sura ya 10: sadaka moja, mara moja, na palipo na ondoleo hapana sadaka nyingine tena. Akanifungulia Wakolosai, pale penye hati ya mashtaka iliyofutwa na kugongomewa msalabani. Akaongeza Mika, anayesema Mungu atazitupa dhambi zetu kwenye vilindi vya bahari. Sasa kila Jumapili mnanisimamisha, akasema, niombe nilichokwisha kupewa. Huko si kumheshimu aliyetoa, ni kumwambia hatumsadiki. Nilipomtajia ule mstari unaotajwa na kila mtu, wa tisa katika sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu atatuondolea, alikuwa na jibu tayari: Yohana hapo anawasema watu waliodai hawana dhambi kabisa, si waamini.

Hilo la mwisho sikulikubali, wala silikubali leo. Yohana anasema "sisi", naye yumo. Mistari miwili mbele, akianza sura ya pili, anawaita wasomaji watoto wake wadogo na kuwaambia kwamba mmoja wao akitenda dhambi, yuko mtetezi kwa Baba. Wanaoitwa hivyo ni watu wa nyumbani.

Lakini hoja yake kubwa ni nzito, na kwa mtu wa masjala haina ugeni. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaikataza mahakama kusikiliza shauri ambalo wadaawa wale wale walikwisha kushitakiana na likaamuliwa na mahakama yenye mamlaka. Nimepokea dirishani madai ya kibanja kile kile, mipaka ile ile, ukoo ule ule, ila safari hii mdai ni mtoto wa mdogo wa yule aliyeshindwa. Unachomoa jalada la zamani lenye vumbi, unamwonyesha hukumu na muhuri. Anakuangalia kama vile wewe ndiye uliyemnyang'anya migomba. Sheria haikuwekwa kwa ukatili. Iliwekwa kwa sababu pasipo mwisho wa kesi hakuna mtu anayeweza kupanda mgomba akaungoja uzae.

Na wapo walioteseka kwa kufungua majalada ya namna hiyo. Ignatius wa Loyola, kabla hajaanzisha shirika la Wajesuiti, alifika Montserrat mwaka 1522 akaandika dhambi za maisha yake yote, akaziungama kwa siku tatu. Ungedhani yamekwisha. Akashuka Manresa, na huko zikamrudia: hili nililisema vizuri? Lile nililitaja lote? Akaziungama tena, akaambiwa aziandike tena, akaandika, hakupata nafuu. Muungamishi wake akamwamuru asitaje jambo lolote la zamani isipokuwa lililo wazi kabisa. Ole wake, kwake yote yalikuwa wazi kabisa. Ilifika mahali akashawishika kujitupa katika shimo lililokuwa chumbani mwake. Kilichomwokoa ni uamuzi mmoja: tangu siku ile hataungama tena jambo lolote la nyuma. Mtu huyo baadaye aliwaongoza maelfu katika kuichunguza mioyo yao, naye mwenyewe alilazimika kwanza kukataa kuuchunguza wake kwa namna ile.

Shemeji yangu, Mkatoliki na katekista wa siku nyingi, aliniambia kwamba kanisa lake halimdai mtu arudie. Nikaitafuta sheria yao, maana ugonjwa wa kutafuta vifungu hauponi kwa kustaafu. Ni kweli. Kanuni ya 988 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka mwamini aungame dhambi nzito ambazo bado hazijaondolewa kwa ungamo. Zilizokwisha kuondolewa hazimo katika deni hilo. Ila Papa Benedikto XI, mwaka 1304, alisema kwamba ingawa hakuna ulazima wa kuungama mara ya pili dhambi zile zile, kufanya hivyo kuna faida, kwa sababu ya haya. Kuona haya, alisema, ni sehemu kubwa ya toba. Na shemeji anasema wapo wanaokwenda kitubioni na vidogo vya wiki, wakamalizia kwa kutaja kosa moja la ujana wao. Hawaombi lisamehewe. Wanaomba nini, nikamwuliza. Akacheka: "Kwenu Walutheri mnataka kila kitu kiwe na sababu."

Sisi nasi hatuna ulazima huo. Ungamo la Augsburg la 1530 linasema wazi kwamba si lazima mtu azihesabu dhambi zote moja moja anapoungama. Katika Katekisimo Ndogo, ambayo kila mtoto wa kipaimara huikariri mpaka sauti inamkauka, Luther anafundisha kwamba mbele za Mungu tujikiri kuwa na hatia ya dhambi zote, hata tusizozijua, ila mbele ya muungamishi tutaje zile tu tunazozijua na zinazotuuma moyoni. Kwa hiyo kijana wangu, kama swali ni je, mwamini anadaiwa kuziombea msamaha tena dhambi alizokwisha kusamehewa, ameshinda. Niliandika hivyo kwenye daftari langu, na wazee wenzangu hawakufurahi.

Ila swali halijaishia hapo. Tumtazame Daudi. Nabii Nathani alipomaliza ile habari ya tajiri aliyechinja mwanakondoo wa maskini, Daudi alikiri kwa sentensi moja, na papo hapo nabii akamjibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Hukumu imetoka. Zaburi ya 51, kwa maelezo yaliyowekwa juu yake, ni ya wakati huo wa Nathani kumwendea. Mtu aliyekwisha kuambiwa amesamehewa anaingia chumbani na kuungama mistari kumi na tisa. Anaomba kufutiwa na kuoshwa, ndiyo, lakini sikiliza anavyoendelea: anaomba moyo safi, anaomba furaha aliyoipoteza, anaomba asitengwe, anaahidi kuwafundisha wakosaji wengine njia. Kuna mstari mmoja humo ambao umenisumbua miaka mingi, ule anaomwambia Mungu kwamba amemtenda dhambi yeye peke yake. Peke yake? Na Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke? Uria alikuwa kaburini kwa barua aliyoibeba yeye mwenyewe. Hakukuwa na mtu wa kumwendea, na sijui kama mtungaji wa zaburi aliliona hilo kama sisi tunavyoliona.

Kijana hakuchelewa: "Babu, Daudi alikuwa kabla ya msalaba."

Haya, twende baada ya msalaba. Matendo ya Mitume sura ya 19, Efeso. Luka anasema waliokuja kuungama na kuyasema matendo yao walikuwa ni wale waliokwisha kuamini. Ubatizo umepita, mikono imewekwa. Ndipo wanatoa vitabu vya uganga walivyokuwa wameficha nyumbani na kuvichoma mbele ya watu, na mtu akakaa akapiga hesabu ya thamani yake, vipande 50,000 vya fedha. Nampenda sana huyo aliyepiga hesabu. Angefaa masjala. Kwa nini wachome hadharani mali ya dhambi iliyokwisha kusamehewa? Kwa sababu majirani walijua vitabu vile viko ndani ya nyumba zile, na wengine walikuwa wamelipia uganga wake.

Na Paulo hachoki kusema alivyolitesa kanisa. Anawaambia Wagalatia, anawaambia Wakorintho, anamwambia Timotheo kwamba katika wenye dhambi yeye ni wa kwanza. Hakuna hata mahali pamoja ambapo anaomba asamehewe jambo hilo. Analitaja tu, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste, ndiye aliyelifikiri jambo hili kwa kina kuliko wote ninaowajua. Alibatizwa Milan usiku wa Pasaka mwaka 387 na askofu Ambrosi, akiamini kabisa kwamba maji yale yamemwondolea kila kitu. Miaka kumi hivi baadaye anakaa Hippo, naye ni askofu sasa, anaandika vitabu 13 vya maungamo. Anasimulia mpaka mapeasi aliyoiba akiwa na miaka 16, matunda ambayo hata hayakuwa matamu, akayatupia nguruwe. Katika kitabu cha kumi anasimama na kujiuliza lile lile aliloniuliza kijana: Mungu anajua na amesamehe, watu wa nini wasikie? Anajibu kwamba anayesikia asilale katika kukata tamaa akisema haiwezekani. Hilo nimelielewa vizuri. Lisilo rahisi kulielewa ni alivyokufa. Mwaka 430, Wavandali wameuzingira mji, alilala mgonjwa akaagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani alipoweza kuzisoma. Rafiki yake Possidius anaeleza kwamba siku kumi za mwisho hakutaka mtu aingie ila kwa matibabu na chakula, akasoma, akalia. Miaka zaidi ya arobaini tangu ubatizo! Wala pale hakukuwa na msomaji wa kumwokoa asikate tamaa. Siwezi kulieleza kwa kifungu chochote, na nimeacha kujaribu.

Sasa niseme ya nyumbani.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mlokole. Wasomaji wa kizazi hiki huenda wanalijua neno bila kuijua habari yake. Uamsho wa Walokole ulianzia Gahini, Rwanda, kwenye kituo cha misheni cha Waanglikana chenye hospitali. Daktari Joe Church, Mwingereza, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikutana kilimani Namirembe mwaka 1929 wakasoma Biblia pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini na akafa kijana mwaka 1936. Moto ukavuka mipaka ukafika Karagwe na kwetu Buhaya, ukaingia kwa Walutheri kana kwamba hakuna ukuta. Hata Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Alama ya uamsho wenyewe haikuwa kunena kwa lugha. Ilikuwa kuungama: watu wanasimama mbele ya wenzao na kutaja, kwa jina lake, walichofanya. Walikuita huko kutembea nuruni. Na waliyoungama waliyarudisha. Shuka za hospitali, vyombo vya mwajiri, pesa za watu.

Ya bibi ilikuwa kahawa. Alikuwa anainyunyizia maji usiku wa kuamkia siku ya kuuza, na chini ya gunia anatia kokoto zilizochaguliwa zilingane na punje. Alipookoka alitembea mpaka kituo cha kununulia akiwa na pesa kwenye pindo la kanga, akamweleza mpimaji. Baba alikuwa naye, mtoto mdogo, na alisema mpimaji alihangaika kuliko bibi, maana hakukuwa na safu kwenye daftari lake ya kuandikia pesa za namna ile. Mwishowe akaziandika kama kahawa isiyo na gunia. Hilo ndilo ungamo lililokuwa na uzito wa kilo.

Lakini bibi aliendelea kulisema jambo lile mpaka uzee. Nimelisikia mwenyewe nikiwa kijana, kwenye mkutano wa ushirika, baada ya wimbo wao wa Tukutendereza kuimbwa mara ya tatu. Kina mama vijana walikuwa wanalijua lote, wanacheka kabla hajafika kwenye kokoto. Mara nyingine kicheko hicho kilikuwa cha heri: mwanamke mgeni aliyekaa nyuma amefunika uso anaanza kuinua kichwa. Mara nyingine ilikuwa mazoea matupu. Na kuna lililokuwa baya. Katika vikao vile mwenye dhambi kubwa alipewa muda mrefu, na msichana aliyekua vizuri bila la maana la kusema alibanwa: umemaliza yote? Hakika umemaliza? Nimeona watu wakiongeza chumvi kwenye dhambi zao ili nao wapate kusikilizwa. Hapo dhambi iliyosamehewa inakuwa mtaji.

Kwa nini basi siungani na kijana moja kwa moja na kusema tuyafunge majalada yote? Kwa sababu ya ng'ombe.

Katiba yetu, ibara ya 45, inampa Rais uwezo wa kusamehe waliotiwa hatiani, na tumezoea kusikia majina ya wanaotoka gerezani siku ya Uhuru na siku ya Muungano. Nimemwona mmoja akitoka. Alikuwa ameiba ng'ombe, amekaa ndani sehemu ya kifungo chake, akapata msamaha. Nyumbani wakampokea kwa mbuzi. Wiki ile ile mwenye ng'ombe akasimama dirishani kwangu kufungua madai ya thamani ya mnyama wake. Msamehewa akaja juu: nimesamehewa na Rais wa Jamhuri, wewe ni nani? Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mpole, hakuwa hata na viatu. Akasema, "Rais amekusamehe kifungo. Ng'ombe hakuwa wa Rais."

Ndivyo ninavyoamini juu ya dhambi. Nisieleweke vibaya: Mungu ndiye aliyemuumba jirani na ng'ombe wake, na kila tunalomtenda jirani tumemtenda yeye, kwa hiyo msamaha wake ni wa kweli na ni mzima. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayenirudisha kwa mwenye ng'ombe. Bwana Yesu anasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Zakayo hakungoja kuambiwa. Aliinuka mezani na hesabu ya mara nne mdomoni. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama aungame dhambi iliyokwisha kusamehewa, namwuliza anakusudia kumwendea nani. Kama ni Mungu, aende ashukuru; akitaka kulia na alie, Augustino alilia. Kama ni mwenye ng'ombe, basi kusamehewa na Mungu hakujamwondolea safari hiyo hata hatua moja. Na kama ni watu wasiodai chochote bali wana hamu ya kusikia, abaki nyumbani.

Kundi hili la tatu nalijua kwa karibu. Katika sharika zetu kuna desturi ya kurudi kundini: aliyeanguka katika jambo lililojulikana hutengwa na meza ya Bwana kwa muda, kisha husimamishwa mbele ya usharika, hutubu, hupokelewa. Nilikuwa benchi la wazee, katika usharika mmoja nisioutaja, aliposimamishwa binti aliyezaa kabla ya ndoa. Mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kwenda kwa mchungaji faragha, ameungama, amewekewa mikono, ametangaziwa ondoleo. Lilikuwa limekwisha. Sasa anasimama hapo tena, na mzee mmoja anamwambia aongeze sauti kwa kuwa nyuma hawasikii. Nyuma! Walikuwa hawadai chochote hao wa nyuma. Aliyempa mimba alikuwa mkono wa kulia, kwenye kwaya, safu ya besi, na nusu ya kanisa walijua. Wimbo uliofuata aliuimba vizuri sana. Baada ya ibada nilisema kikaoni kwamba tumemfungulia msichana kesi ya pili kwa kosa lile lile, na mshitakiwa wa pili hatukumwita hata kama shahidi. Nikajibiwa kwamba ni utaratibu. Mahakamani nilijibiwa hivyo mara nyingi pia, lakini angalau kulikuwa na rufaa.

Kijana akafurahi niliposimulia hili. Ndiyo maana sikumwacha aondoke bila kumsimulia ya Ngara.

Mwaka 1994 nilikuwa kazini wilayani Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili watu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, takribani 250,000 ndani ya saa 24. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko yote tuliyoijua, mji wa turubai na moshi. Katika watu wale walikuwamo waliokimbia kifo na waliokimbia kilichofanywa na mikono yao, na kuwatenganisha kwa macho haikuwezekana. Walisali kwa wingi. Waliimba nyimbo tulizozijua, maana nchi iliyotuletea uamsho ilikuwa ndiyo hii.

Baadaye Rwanda ikaanzisha mahakama za gacaca kwa kesi za mauaji ya kimbari ya mwaka ule, majaribio mwaka 2002, nchi nzima 2005, zikafungwa 2012 zikiwa zimesikiliza karibu kesi milioni mbili. Niliisoma sheria yake ya mwaka 2004 kwa makini ya kikazi, na sehemu ya kukiri makosa niliirudia. Mtu akitaka kukiri kwake kukubaliwe na adhabu ipungue, haitoshi aseme ametenda. Aeleze alivyotenda, wapi, lini, walioshuhudia, walioshirikiana naye, mali iliyoharibiwa, na mahali miili ilipotupwa. Kisha aombe radhi hadharani. Mchungaji mmoja aliyekuwa akihudumu magerezani upande ule wa mto aliniambia wafungwa wengi waliokoka kwa dhati, wakabatizwa, wakaimba. Na wengine wao walipotakiwa wazungumze walijibu kwamba mambo hayo wamekwisha kuyamaliza na Mungu.

Mungu alijua mifupa iko wapi. Mjane ndiye asiyejua.

Yale maneno ya kijana, kwamba kuungama tena ni kumwambia Mungu hatumsadiki, niliyajaribu juu ya habari hii na hayakusimama. Mfungwa aliyenyamaza kwa imani na mfungwa aliyenyamaza kwa ujanja waliacha shimo lile lile limefunikwa. Sisemi kwamba kukiri kule kulikuwa safi kote. Wapo waliokiri kidogo ili watoke mapema, wapo waliowataja kuwa washirika wao watu waliokwisha kufa. Kukiri kunaweza kuwa biashara, kama mkutanoni kwa bibi. Lakini palipotajwa kisima, watu walikwenda na majembe wakawatoa wafu wao, wakawazika.

Kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akasema mimi nachanganya mambo: ibada ya Jumapili haina mjane, ni yeye na Mungu wake tu. Hapo nikamwambia aangalie kilichoandikwa kitabuni. Ungamo letu liko katika wingi, na Sala ya Bwana vile vile. Tunaomba kusamehewa pale pale tunapoomba mkate, kama jambo la kila siku. Petro naye, alipotaka kuoshwa hata mikono na kichwa, aliambiwa aliyeoga hahitaji zaidi ya miguu. Ya wiki hii, wiki hii. Ukiwa msafi kabisa, nikamwambia, lisome kwa ajili ya aliyesimama kulia kwako. Alisema atalifikiria. Bado anafunga mdomo, na sijaona sababu ya kumpeleka kikaoni.

Anayenisumbua zaidi ni mwingine. Mwanamume wa makamo, muumini mzuri, alikuja jioni moja akaniambia kwamba miaka mingi iliyopita, akifanya kazi Mwanza, alikuwa na mwanamke. Yaliisha. Alitubu, akaungama kwa mchungaji wa huko, ana amani. Anataka kujua kama ni lazima amwambie mke wake. Kwa kawaida ningesita. Nimeona waume wanaomwaga mzigo wao juu ya mke ili wao walale usingizi, na mke ndiye anayekesha. Kama ni kujipumzisha tu, ningemwambia abaki na mzigo wake, abebe, hiyo nayo ni toba. Nikamwuliza kama kuna mtoto. Akatazama chini. Yupo, yuko kidato cha tatu, anasomeshwa na mjomba.

Nikamwambia basi jambo hili lina mwenyewe, na si mmoja. Aanze na ada, wala asiitume kwa siri kama sadaka. Amwandikie mjomba barua na kuitia sahihi. Kisha amwambie mkewe kabla mtoto hajaja kubisha hodi mwenyewe, kwa sababu watoto wa namna hiyo wakikua hubisha. Alikasirika. Aliniambia nafundisha matendo badala ya neema, na kwamba damu ya Yesu haidai risiti. Nikamjibu kwamba risiti itadaiwa na mhasibu wa shule. Tukaagana vibaya.

Ada ya muhula wa kwanza imelipwa, mjomba amenipigia simu kuthibitisha. Kwa mkewe bado.